Uwinda, Mkaja na Beseni la Nepi

Wengi wetu tusikiapo neno utamaduni hukumbuka ngoma, mashairi, vinyago vya Wamakonde na mchezo wa bao. Hayo yote ni utamaduni, wala hatuna haja ya kuyapinga. Lakini yako mambo mengine ambayo hayapandishwi jukwaani siku ya sikukuu, nayo yamebeba historia ya watu wetu vilevile. Mojawapo ni kitambaa anachofungwa mtoto mchanga ili asimloweshe mtu aliyempakata. Twakusudia kueleza habari za kitambaa hicho katika pwani yetu na katika bara lililo jirani yake, kwa sababu siku hizi kimekuwa chanzo cha mabishano katika nyumba nyingi za vijana. Mmoja husema, tumfunge mtoto nepi za kitambaa, tufue, tuanike, tutumie tena. Mwenziwe hataki hata kulisikia neno hilo. Kwake zama hizo zimekwisha, na pampasi zinauzwa kila pembe ya mtaa. Na ajabu ni kwamba wote wawili hutaja mila, huyu akisema kwamba ndivyo tulivyolelewa, na yule akisema kwamba hakuolewa ili awe dobi. Basi na tuzitazame hizo mila zilikuwaje.

Tuanze na jina. Neno nepi tumelipokea kutoka Kiingereza, na umri wake katika lugha yetu si mkubwa. Kabla yake palikuwapo uwinda, au ubinda kama wasemavyo wengine, yaani nguo ipitishwayo katikati ya mapaja na kuchomekwa kiunoni. Mvuvi hupiga uwinda apate wepesi wa miguu majini. Mkwezi hupiga uwinda ili nguo isimnase mnazini. Mtoto mchanga hupigwa uwinda kwa sababu nyingine ambayo haihitaji maelezo.

Lakini ni kosa kudhani kuwa mtoto wa zamani alifungwa uwinda mchana na usiku kama afungwavyo nepi leo. Nguo ilikuwa adimu, na joto la pwani halidai nguo nyingi. Aghalabu mtoto alikaa mtupu, au na shanga zake kiunoni, na mama yake alimjua. Alijua wakati aamkiao, alijua anavyojinyonganyonga kabla ya haja, na hapo alikaa kitako, akanyoosha miguu, akamketisha mtoto katikati ya miguu hiyo na kumtolea sauti nyembamba ya midomo mpaka mtoto akakojoa. Mwaka 1977 watafiti wawili waliochunguza malezi ya Wadigo wa pwani ya Kenya walichapisha matokeo yao katika jarida la madaktari wa watoto la Marekani. Walieleza kuwa mafunzo hayo yalianza katika wiki za kwanza za maisha, na kwamba mtoto alitarajiwa kuwa mkavu mchana na usiku akifikia miezi mitano au sita. Madaktari wa huko, ambao wengi wao walifundishwa kuwa mtoto hayuko tayari kwa jambo hilo kabla ya mwaka mmoja na nusu, walipata la kufikiri. Bibi zetu wasingeshangaa.

Ufundi huo, hata hivyo, una sharti moja kubwa: lazima awepo mtu aliye karibu na mtoto wakati wote, asiye na pengine pa kwenda. Sharti hilo tulikumbuke, maana tutalirudia.

Nguo nazo zilikuja zikaongezeka. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa Marekani alifika Unguja. Majahazi kutoka Salem yalileta kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kizito na cha kudumu, ambacho watu wetu walikiita merikani kwa jina la kilikotoka. Merikani ilisafiri na misafara hadi Tabora na Ujiji, ikawa mavazi, ikawa fedha, ikawa sanda. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilikata pamba na kuikata biashara hiyo, na viwanda vya Uingereza na Bombay vikaingia mahali pake. Kaniki, ile nguo iliyotiwa nili, ilivaliwa na watumwa na maskini. Kisha, katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, ikazuka kanga. Masimulizi yasema kuwa wanawake wa mjini walinunua vitambaa vya leso kabla havijakatwa, wakavishona sita pamoja, na wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo nzima iliyochapwa kwa namna ile.

Wengi wameandika juu ya kanga mpya, juu ya rangi zake na majina yake. Sisi twataka kusema neno juu ya kanga kuukuu. Kanga mpya ina wanga, nayo hainywi maji. Imwagie maji uone yanavyoteleza. Ni baada ya kufuliwa miezi na miezi ndipo nyuzi zake zinapolainika na kuanza kunywa. Hivyo kanga ilianza maisha yake harusini, ikashuka ikawa ya kuvaa nyumbani, ikashuka tena ikawa ya jikoni, na ilipokwisha kupauka ikapasuliwa vipande vipande na kuwekwa katika kapu kumngoja mtoto. Mwanamke mja mzito alikuwa akikusanya kanga kuukuu za mama yake, za shangazi zake na za somo yake, wala haikuwa aibu. Kinyume chake, kitambaa kipya kikimgusa mtoto mchanga wazee walinung'unika kwamba kitamchubua. Tukumbuke basi kwamba uchakavu wa nguo ya mtoto haukuwa dalili ya umaskini. Ulikuwa dalili ya jamaa wengi.

Hapa ndipo tufikapo penye jambo ambalo, kwa maoni yetu, halijatazamwa ipasavyo. Katika ndoa za pwani, mbali na mahari yenyewe, bwana arusi hudaiwa ada kadha wa kadha, na miongoni mwake zimo kilemba cha baba na mkaja na mbeleko ya mama. Mkaja ni kitambaa ambacho mzazi hukazwa tumboni baada ya kujifungua ili mwili urudi. Mbeleko, au ubeleko, ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo na wenzake, ambao maandishi yao juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, walieleza kwa urefu mambo ya uzazi na ya arusi, na msomaji wa kitabu hicho ataona jinsi mambo hayo mawili yalivyoshikamana. Na desturi hii si ya pwani tu. Katika makabila mengi ya bara orodha ya mahari haikamiliki bila blanketi la bibi au nguo ya mama.

Maana yake ni nini? Ukimwuliza mzee atakujibu bila kusita. Huyu binti unayemtaka alikuwa mtoto mchanga. Alimkojolea mama yake, akamchafulia nguo, akazichakaza mbeleko zake mgongoni. Mama hakudai siku ile, kwa sababu mtoto hadaiwi. Leo umekuja wewe kuyavuna matunda ya nguo zile, basi wewe ndiwe wa kuzilipa. Kwa maneno mengine, jamii yetu ilikwisha kuamua zamani kwamba nguo iliyochafuliwa na mtoto ni deni, na kwamba deni hilo ni la mwanamume. Wako watu leo wanaofanya dhihaka na mkaja na mbeleko, wakidhani ni visingizio vya wakwe vya kuchuma fedha, na pengine katika nyumba nyingine zimekuwa hivyo. Lakini asili yake ni hesabu ya haki.

Hata hivyo hesabu hiyo ina pengo, nasi hatutalificha. Inalipia kitambaa, haiilipii sabuni, wala mikono iliyofua. Sababu yake si ngumu kuiona. Mikono ilikuwa mingi. Mzazi alikaa ndani siku arobaini, na katika siku hizo hakutia mkono wake majini kwa kazi nzito. Alikuwapo mama yake au mama mkwe, alikuwapo mkunga, walikuwapo wadogo zake na mawifi zake, na vitambaa vya mtoto vilibebwa asubuhi kupelekwa kisimani pamoja na nguo nyingine. Kazi iliyogawanywa kwa watu wanane haionekani. Mume hakufua, na hakuna aliyemwuliza, kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kumwuliza.

Ukoloni ulileta kichekesho ambacho kingefaa kuandikiwa mchezo wa kuigiza. Katika nyumba za Wazungu wa Tanganyika, watumishi wa nyumbani walikuwa takriban wote wanaume. Mpishi mwanamume, boi mwanamume, dobi mwanamume. Watu hao walifua kila kilichovuliwa na bwana, na bibi, na watoto wao, na katika furushi la nguo za watoto zilikuwamo nepi: vitambaa vya mraba vya pamba au vya taulo, vilivyokunjwa pembetatu na kufungwa kwa pini kubwa. Walizichemsha kwa debe, wakazianika juani, wakazipiga pasi ya mkaa. Hawakuzipiga pasi kwa urembo. Yuko nzi katika nchi zetu atagaye mayai katika nguo mbichi iliyoanikwa kivulini au kutandazwa chini, na funza wake huingia katika ngozi ya mtoto na kufanya majipu. Moto wa pasi huyaua mayai hayo, na dobi aliyesahau pande moja ya nepi alijua kesho yake ataitwa.

Basi mwanamume huyo alifua nepi kwa mshahara, mchana kutwa, na kwa ustadi. Jioni alirudi kwake, akavua kanzu nyeupe ya kazi, na kama mkewe angemwambia amsuuzie mtoto kitambaa, angejibu kuwa hiyo si kazi ya mwanamume. Hatusemi hayo ili kuwadhihaki babu zetu, ambao walikula mkate wao kwa uchungu na kuitwa boi hata walipokuwa na mvi. Twasema ili ifahamike kwamba kule kukataa hakukutoka katika mikono. Mikono iliweza.

Uhuru ulipokuja, swali la kazi ya mwanamke lilizungumzwa hadharani kwa mara ya kwanza. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikiri waziwazi kwamba wanawake wa vijijini walifanya kazi kupita kiasi, hata Jumapili na sikukuu, ilhali wanaume wengi wa vijijini walikuwa kama watu walio likizoni nusu ya maisha yao. Mwaka uliofuata, 1968, Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na kanga na vitenge vikaanza kutoka katika mashine zetu wenyewe, kwa pamba iliyolimwa nchini. Kwa muda mfupi ilionekana kana kwamba kitambaa hakitakuwa tena jambo la kuhangaikia.

Haikuwa hivyo. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikausha hazina, viwanda vikakosa vipuri na malighafi, na kuanzia hapo hadi katikati ya miaka ya 1980 wananchi walijua foleni. Doti ya kanga ikawa bidhaa ya kuandikishwa jina. Sabuni ikawa shida kuliko chakula. Mche mmoja uligawanywa vipande kama nyama ya sadaka, na waliokosa kabisa walifua kwa majani ya mpapai. Mwaka 1983 ilifika msako wa wahujumu uchumi, na watu walipatikana wameficha sabuni na vitambaa. Mama aliyezaa katika miaka hiyo alimfunga mtoto wake chochote alichopata, akakifua bila sabuni, akakifunga tena kabla hakijakauka. Watoto wakapata vipele, na majirani wakanong'ona juu ya harufu.

Sisi twaamini kuwa chuki ya vijana wengi juu ya nepi za kitambaa chanzo chake ni miaka hiyo, wala si mila ya kale. Mama zao waliona haya, na haya hurithiwa. Mipaka ya biashara ilipolegezwa kuanzia 1984, na nguo za mitumba zikaruhusiwa, na baada ya miaka zikafika pampasi, hizo pampasi zilipokewa kama hati ya kutoka gerezani. Zenyewe zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1961, na jina la bidhaa moja likawa kwetu jina la jamii nzima ya bidhaa, kama ilivyo kawaida yetu. Kwanza zilionekana katika maduka makubwa ya mijini. Siku hizi zinauzwa hata moja moja kibandani, karibu na kiberiti na chumvi. Mzazi asiye na fedha ya mfuko mzima hununua moja ya usiku. Hilo latuonyesha jinsi jambo hili linavyopimwa: mtu atanunua moja ili mtoto aonekane amevaa, kama vile babu yake alivyoweka akiba ya merikani ya kuvaa Ijumaa.

Ubaya wake nao unajulikana. Pampasi haiozi upesi. Ndani yake mna plastiki na chembe za kunywa maji ambazo hazirudi kuwa udongo. Zinajaza vyoo vya shimo, zinatapakaa mitaroni, mbwa huzitawanya majalalani. Tarehe 1 Juni 2019 nchi yetu ilikataza mifuko ya plastiki, na mitaro ya miji ikapumua kidogo, lakini katazo lile halikuzigusa nepi za kutupwa. Na fedha yake si ndogo. Mtoto abadilishwaye mara sita kwa siku atatumia 180 kwa mwezi, na akifikisha miaka miwili atakuwa ametumia zaidi ya 4,300. Kwa kitambaa, vipande 24 vizuri vyatosha, na mdogo wake atavirithi.

Kwa hesabu hiyo mtu angedhani mabishano yamekwisha. Hayajaisha, na sababu yake twaiona katika ubavu ule ambao wahimizaji wa nepi za kitambaa hawapendi kuutazama. Tumesikiliza wabishanao wengi, na tumegundua kuwa mara nyingi mwenye kuhimiza kitambaa ni mume, kwa ajili ya mfuko wake, na mwenye kukataa ni mke. Naye ana haki. Yeye ndiye atakayechota maji, au kuyanunua kwa ndoo. Yeye ndiye atakayesugua. Yale mawifi na wadogo wa zamani wako shuleni na kazini, nyumba ni vyumba viwili vya kupanga, na uani pana kamba moja ya wapangaji wote. Mume amwambiapo, "Mama yangu alitufulia sote," hamwelezi kuwa mama yake alikuwa na mikono minane. Anataka mila, lakini anaitaka pungufu.

Sheria nayo imeligusa jambo hili kwa njia yake. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, lililoamuliwa mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya wanandoa chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia alichokiomba, kwa sababu nyingine za shauri lake. Lakini kanuni ilibaki, na wanawake wengi baada yake wamefaidika nayo. Lile pengo tulilolitaja katika hesabu ya mkaja, la mikono isiyolipwa, lilianza kuzibwa na majaji.

Tutaje sasa kisa tulichokishuhudia katika nyumba ya jamaa zetu mjini Tanga, maana chaonyesha jinsi mtu mwenye kusita anavyoshawishika, na jinsi asivyoshawishika. Mume ni mwalimu, mke ni karani. Ni mtoto wao wa kwanza. Mume alikuwa amepiga hesabu tuliyoipiga hapo juu, akanunua vitambaa dazeni mbili bila ya kumwuliza mwenzake, akaviweka mezani kama mtu aletaye zawadi. Mke alivitazama akavirudisha mfukoni. Siku tatu walisemezana kwa ufupi. Mume alitaja gharama, mke akataja maji. Mume akataja mazingira, mke akamwuliza kama mazingira yatamsaidia kusuuza. Mwishowe mke alisema jambo lililokuwa chini ya mengine yote: "Mama yangu aliitwa Mama Mikojo mtaani kwetu mwaka wa shida ya sabuni. Mimi jina hilo sitalirithi."

Katika siku hizo aliwasili bibi mzaa baba wa mume, kutoka Pangani, kuja kukaa na mzazi. Ni mwanamke aliyepita miaka themanini, na kwa utani wa bibi na mjukuu humwita huyo mwalimu mume wangu, na mkewe mke mwenzangu. Aliambiwa kisa. Akaomba mfuko, akavitoa vitambaa kimoja kimoja, akavinusa.

"Vizuri hivi," alisema. "Mume wangu, umenunua nepi. Beseni umemnunulia nani?"

Mjukuu alicheka, akadhani ni utani umekwisha. Bibi akaendelea. "Babu yako alikuwa boi kwa Mzungu wa mkonge. Mwaka 1956 nilipomzaa baba yako, mama yangu amekwisha kufa, na wifi zangu wako mbali. Nikawa peke yangu, na tumbo halijafungwa vizuri. Nikamwambia, Baba Fulani, hiyo mikono unayowafulia watoto wa Mzungu unaiacha huko? Hakunijibu. Akaenda nje akakaa. Usiku, majirani walipolala, nikasikia maji."

"Alifua?" aliuliza mke, na ilikuwa mara ya kwanza kwake kusema neno jioni ile.

"Alifua, mke mwenzangu. Usiku, ili watu wasione. Lakini walijua. Asubuhi nilizikuta nepi zimepigwa pasi, zimekunjwa kona kwa kona kama za kwa bwana, na hapana mwanamke mtaani aliyekunja namna ile. Walimcheka siku saba. Siku ya nane mwenziwe mmoja alimjia kumwuliza namna ya kuondoa madoa."

Baada ya hapo bibi hakusema tena juu ya nepi, na sisi twaona hapo ndipo ulipokuwa ustadi wake. Hakumshawishi mke kabisa. Alimwacha aone. Kesho yake mwalimu alinunua beseni na ndoo yenye kifuniko, akaanza kufua kabla ya kwenda shule, uani, mchana mweupe, mbele ya wapangaji. Kwa siku kumi za kwanza mke aliendelea na pampasi usiku na mchana isipokuwa nepi mbili au tatu za asubuhi, ambazo alimfunga mtoto kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu mmoja. Alitazama kama zitarudi safi. Zilirudi safi, ingawa mwanzoni hazikurudi nyeupe. Kisha zikawa nne, zikawa tano. Walikubaliana kwamba usiku na safarini watatumia pampasi, na mume akataka kulipinga hilo kwa ajili ya hesabu yake, bibi akamkanyaga mguu chini ya meza.

Mama wa mke alipokuja kumwona mjukuu, aliona kamba imejaa vitambaa vya mraba, akasimama mlangoni kwa muda. Alimwuliza binti yake sabuni wanaipata wapi. Binti alimjibu kuwa siku hizi sabuni iko kila duka, mama, na anayefua ni mkweo. Yule mama aliketi, akavua ushungi, akaomba maji ya kunywa.

Siku ya kuondoka kwetu tulimkuta bibi ameketi kibarazani na mtoto, na mwalimu yuko uani na vibanio mdomoni. Jua lilikuwa limehama, na nusu ya kamba ilikuwa imeingia kivulini mwa mwembe.

"Mume wangu," bibi alimwita, "hizo za mwisho zitoe hapo, nzi watazitagia. Zisogeze juani, na zikikauka lete pasi. Babu yako alikuwa akizipiga pande zote mbili."